Theluji ya Kibo: Maswali Matatu na Majibu Yake



Kuuliza si ujinga. Mtoto akiuliza sababu ya jambo aliloliona kwa macho yake, yatupasa sisi tulio wakubwa kumjibu kwa kweli, wala tusimfukuze kwa neno la, "Ndivyo lilivyo." Lakini hatuwezi kumjibu kwa kweli tusipojifunza wenyewe kwanza. Kwa hiyo katika somo la mwezi huu tumeona vema kutazama kitu kimoja tu katika viumbe, nacho ni theluji iliyo juu ya Kibo. Wako kati yenu waionao asubuhi wafunguapo mlango. Wako na wengine walioisikia kwa habari tu. Wote wana faida katika kuijua.

Tutauliza maswali matatu. La kwanza: Yawezekanaje theluji kuwako katika nchi ya joto, karibu na ikweta? La pili: Kwa nini kileleni kuna baridi kali, na kilele ki karibu na jua kuliko bonde? La tatu: Je, mito yetu yapata maji yake katika theluji ile, hata ikiisha theluji mito nayo itakauka? Swali hili la tatu ndilo zito kupita yote, kwa kuwa jibu lake lagusa shamba na kisima cha kila mtu akaaye chini ya mlima. Tena jibu ambalo watu wengi hulitoa si la kweli. Basi na tufuate njia polepole.

MLIMA WENYEWE

Mlima wa Kilimanjaro u katika Tanzania, kadiri ya digrii 3 kusini ya ikweta. Ulifanywa na moto wa chini ya ardhi, nao una vilele vitatu. Shira ndicho cha kale, nacho kimekwisha kubomoka. Mawenzi chafika meta 5,149. Kibo ndicho kirefu kuliko vyote, meta 5,895 juu ya bahari. Hapana mlima mwingine katika Afrika upitao kimo hicho. Theluji na barafu ya siku zote i juu ya Kibo peke yake.

Tusichanganye maneno. Sakitu ni umande ulioganda juu ya majani usiku wa baridi. Mvua ya mawe ni matone yaliyoganda ndani ya wingu la ngurumo, yakaanguka kama changarawe. Theluji ni mvuke ulioganda huko juu bila kuwa tone kwanza, nao huanguka kwa upole kama manyoya. Theluji ikilundikana mwaka kwa mwaka, ya juu huigandamiza ya chini, mpaka ikawa barafu ngumu kama jiwe. Kila kipande cha theluji kina pembe sita. Johannes Kepler, mtaalamu wa nyota, aliandika kitabu kidogo juu ya jambo hilo mwaka 1611, akiuliza kwa nini ni sita daima, wala si tano wala saba. Leo twajua sababu: chembe za maji, zikiganda, hushikamana kwa mpango wenye pembe sita.

Na kwa nini theluji ni nyeupe, na maji hayana rangi? Mwalimu na atwae kipande cha kioo cha dirisha. Kikiwa kizima, mwanga hupita ndani yake. Kikisagwa kuwa unga, unga wake ni mweupe, maana mwanga hugonga kingo nyingi na kurudi machoni petu. Ndivyo ilivyo theluji. Theluji mpya huurudisha mwanga wa jua mafungu 80 na zaidi katika mia. Likumbukeni jambo hili, kwa kuwa litatufaa mbele.

SWALI LA KWANZA: YAWEZEKANAJE THELUJI KARIBU NA IKWETA?

Katika mwaka 1846 alifika Mombasa kijana mmoja wa Ujerumani, jina lake Johannes Rebmann. Alizaliwa mwaka 1820 katika mji wa Gerlingen, nchi ya Württemberg, akasoma Basel, akatumwa na chama cha misioni cha Kiingereza. Alikaa Rabai pamoja na mwenziwe Johann Ludwig Krapf. Mwaka 1848, mwezi wa Aprili, alishika njia kwenda Uchagani pamoja na wapagazi wachache na kiongozi wa misafara aitwaye Bwana Kheri.

Tarehe 11 Mei 1848, asubuhi, waliona milima ya Uchaga. Rebmann aliona juu ya mmoja weupe mwingi, akadhani ni wingu. Akamwuliza kiongozi wake. Huyo hakuwa na jina la kitu kile, akamjibu kwa neno moja tu: baridi. Ndipo Rebmann akafahamu ya kuwa ni theluji, kwa kuwa yeye alitoka katika nchi ambayo kila mwaka huonekana theluji. Neno lenyewe "theluji" limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu. Lakini watu wengi wa pwani kitu chenyewe hawakupata kukiona.

Rebmann hakuridhika na macho yake peke yake. Aliwauliza wenyeji. Wakamweleza ya kuwa kitu kile cheupe kikiteremshwa chini katika chombo hugeuka kuwa maji matupu. Akasikia pia habari za mfalme mmoja wa Machame wa zamani, aliyepeleka watu wake wapande kuchungua. Ikasemwa ya kuwa alirudi mmoja tu, na mikono yake na miguu imeharibiwa na baridi. Basi twaona ya kuwa Wachaga waliijua theluji kabla ya wageni, nao walikuwa wamekwisha kuichunguza, tena kwa gharama ya maisha ya watu.

Habari hizo zikaandikwa na kupigwa chapa Uingereza mwaka 1849. Je, zilipokewaje? Watu wengine walifurahi. Lakini alikuwako London bwana mmoja mwenye elimu nyingi, William Desborough Cooley, aliyeandika vitabu juu ya bara la Afrika, wala hakupata kulikanyaga. Yeye alikataa kabisa. Alisema theluji karibu na ikweta haiwezekani, na ya kuwa mmisionari yule aliona mawazo yake mwenyewe, wala hakuona mlima. Krapf naye aliiona Kilimanjaro mwaka 1849, tena mwaka uo huo, mwezi wa Desemba, aliona weupe wa mlima wa Kenya kutoka Ukamba. Cooley hakuamini hata hivyo. Mwaka 1852 akatoa kitabu, akashikilia neno lake.

Ushahidi ukazidi mwaka kwa mwaka. Mwaka 1861 alikuja Baron Carl Claus von der Decken pamoja na Richard Thornton, mtaalamu wa mawe. Mwaka 1862 Baron alirudi pamoja na Otto Kersten, wakapanda kupita meta 4,000, nayo theluji ikawaangukia huko. Mwaka 1871 Charles New, mmisionari wa Kimethodisti, alifika kwenye theluji yenyewe, akaigusa kwa mikono. Mwisho, mwezi wa Oktoba 1889, Hans Meyer wa Leipzig na Ludwig Purtscheller wa Austria, wakisaidiwa na wenyeji na wapagazi, walifika kilele cha juu kabisa. Iliwapasa kukata ngazi katika barafu kwa shoka ili waupite ukingo.

Rebmann alikaa Rabai karibu miaka 29. Macho yake yakapofuka, akarudi kwao mwaka 1875, akafa mwaka uliofuata katika mji wa Korntal. Lakini siku hizo hapakuwa tena na mtu mwenye akili aliyekana theluji ya Kibo.

Ndugu, kosa la Cooley lilikuwa nini? Elimu hakupungukiwa. Alikuwa na kanuni mkononi, "Ikweta ni joto," akaifanya kanuni ile kuwa kubwa kuliko jambo lililoonekana. Kanuni njema hutokana na mambo yaliyoonekana na kupimwa. Jambo likionekana kwa hakika, nayo kanuni yalikataza, basi kanuni ndiyo itengenezwe. Tena hakuwauliza wakaao chini ya mlima. Somo hili tulishike, kwa kuwa tutalihitaji katika swali la tatu, ambapo sisi wenyewe twaweza kukosa kama yeye.

SWALI LA PILI: KWA NINI KUNA BARIDI HUKO JUU?

Watoto husema hivi: "Mwenye kukaribia moto huota joto. Kibo i karibu na jua kuliko Moshi na kuliko Mombasa. Mbona basi huko juu kuna baridi?" Swali hili ni jema, wala lisichekwe.

Jibu la kwanza ni hesabu. Jua li mbali nasi kilomita zipatazo milioni 150. Kimo cha Kibo hakifiki kilomita 6. Mtu aliyepanda Kibo amelikaribia jua kama vile mtu wa Mwanza aliyesogea upana wa vidole viwili, akasema sasa yu karibu na Dar es Salaam. Ukaribu huo si kitu.

Jibu la pili latuonyesha jinsi hewa ipatavyo joto lake. Mwanga wa jua hupita katika hewa safi, wala haupashi joto nyingi njiani. Hufika katika ardhi, nayo ardhi hupata moto. Ndipo ardhi huipasha hewa iliyo karibu nayo. Kwa hiyo jiko la hewa li chini, si juu. Aliye bondeni akaa karibu na jiko.

Jibu la tatu ndilo lenye nguvu. Hewa ina uzito. Hewa ya bondeni hugandamizwa na hewa yote iliyo juu yake, kama vile gunia la chini katika ghala hugandamizwa na magunia ya juu. Hewa ya bondeni ikipanda mlimani, mzigo juu yake hupungua, nayo hutanuka. Na hewa ikitanuka hupoa. Mwalimu aweza kuyaonyesha haya kwa baiskeli. Pampu ikisukumwa kwa haraka kujaza gurudumu, mwisho wake hupata moto, kwa kuwa hewa imebanwa. Kisha na afungue valvu ya gurudumu lililojaa: hewa itokayo kwa nguvu ni ya baridi kidoleni, kwa kuwa yatanuka. Kubanwa huleta joto, kutanuka huleta baridi. Tena hewa iliyotanuka ni nyepesi, nayo ni kama blanketi lililotoboka: usiku joto la ardhi lapita na kwenda zake angani.

Watu wamepima jambo hili mahali pengi. Kwa kupanda kila meta 1,000 hewa hupungua joto kadiri ya digrii 6 za sentigredi. Basi na tufanye hesabu pamoja. Tuseme hewa ya Mombasa, kando ya bahari, ina digrii 27. Kimo cha Kibo ni karibu meta 6,000; sita mara sita ni 36. Tukiondoa 36 katika 27, twapata digrii 9 chini ya sifuri, na maji huganda penye sifuri. Je, hesabu yetu ni ya kweli? Tangu mwaka 2000 wataalamu wameweka vyombo vya kupimia juu ya barafu ya Kibo, wakaona ya kuwa wastani wa mwaka ni digrii 7 hivi chini ya sifuri. Hesabu yetu ya ubao wa shule imekaribia sana.

Hewa ya kileleni ina mgandamizo wa nusu tu, au karibu nusu, ya ule wa pwani. Kwa hiyo wapandao huhema sana na kuumwa na kichwa. Tena maji huko huchemka kabla ya kupata moto wa kutosha, penye digrii 80 hivi badala ya 100. Mwenye kupika maharagwe kileleni atamaliza kuni zake, nayo maharagwe yatakuwa magumu bado.

Baridi hiyo huhifadhi vitu. Mwaka 1926 mchungaji Richard Reusch wa Misioni ya Leipzig, aliyeupanda mlima mara nyingi, aliukuta karibu na ukingo wa juu mzoga wa chui umeganda, akaupiga picha. Kwa nini chui alipanda mpaka pale pasipo na nyama wala majani, hakuna aliyemwuliza. Shimo la ndani la Kibo laitwa mpaka leo kwa jina la mchungaji huyo.

SWALI LA TATU: JE, THELUJI NDIYO ITUPAYO MAJI?

Sasa twafika penye jambo lenyewe. Barafu ya Kibo inakwisha. Hans Meyer aliporudi mwaka 1898 aliona imekwisha kupungua tangu alipopanda mara ya kwanza. Mwaka 1912 ilipimwa, ikawa kilomita za mraba zipatazo 12. Mwaka 2011 ilipimwa tena, ikawa kilomita za mraba 1.76 tu. Maana yake, katika mafungu mia ya barafu ya mwaka 1912, 85 yalikuwa yamekwisha kwenda zake kwa muda wa karne moja. Hata unene wake hupungua: katika miaka 7, tangu 2000 hata 2007, barafu ya upande wa kaskazini ilipungua karibu meta 2, na ya upande wa kusini meta 5.

Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Marekani na wenzake walitoboa barafu ile mpaka chini, wakatoa nguzo nyembamba za barafu, wakazichunguza. Walikadiria ya kuwa barafu ya chini kabisa ina miaka ipatayo 11,700. Walikisia pia ya kuwa yote itakwisha kati ya mwaka 2015 na 2020. Miaka hiyo imepita, na barafu ingalipo, ingawa ni haba. Wenye elimu nao hukisia wakakosa, lakini mwendo wenyewe hawakuukosea. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza ya kuwa barafu ya Kilimanjaro, pamoja na ile ya mlima wa Kenya, yatazamiwa kutoweka ifikapo mwaka 2050.

Sababu ni zaidi ya moja. Tangu mwisho wa karne ya 19 mvua za Afrika ya Mashariki zilipungua. Hata Ziwa Viktoria lilishuka katika miaka iliyofuata 1880. Theluji mpya ikapungua, barafu ya zamani ikabaki bila nguo. Siku hizi joto la dunia nzima lazidi, kwa sababu ya moshi na hewa zitokazo katika makaa ya mawe na mafuta yachomwayo, nalo joto hilo labadili bahari na mvua. Na hapo likumbukeni jambo la weupe: theluji mpya hurudisha jua, lakini barafu kuukuu iliyochafuka na mawe meusi yaliyo uchi hulipokea. Ndiyo sababu mahali palipofunuliwa hupata moto, na barafu iliyo jirani huliwa upesi.

Basi watu wengi waonapo haya husema, "Tumekwisha! Theluji ndiyo chemchemi ya mito yetu. Ikiisha, Uchaga utakuwa jangwa." Neno hili laonekana kuwa kweli. Maji hutoka juu. Theluji i juu. Kwa hiyo maji hutoka katika theluji. Lakini na tusifanye kama Cooley. Na tupime.

Pima la kwanza: Kibo hupata mvua na theluji kiasi gani? Ni kidogo sana, hazifiki milimita 200 kwa mwaka. Kilele ni jangwa la baridi, kikavu kuliko mahali pengi pa Dodoma. Mawingu ya mvua hayafiki huko; humwaga mzigo wao katika msitu wa chini. Msitu wa upande wa kusini, penye kimo cha meta 2,200 hivi, hupata zaidi ya milimita 2,500 kwa mwaka, yaani maji ya kimo kipitacho mtu mrefu.

Pima la pili: barafu ikipungua huenda wapi? Sehemu kubwa haiwi maji kabisa. Hewa ya huko ni kavu, na barafu hugeuka moja kwa moja kuwa mvuke. Tazameni kafuri iwekwayo sandukuni pamoja na nguo: hupungua kidogo kidogo mpaka ikaisha, wala nguo hazilowi. Barafu ya Kibo nayo hufanya vivyo hivyo.

Pima la tatu: eneo. Barafu haifiki kilomita za mraba 2. Msitu wa mlima una kilomita za mraba zipatazo 1,000, yaani mara mamia ya barafu. Barafu ya kusini ilichukua miaka 7 kupoteza unene wa meta 5. Msitu wa kusini, mahali pake penye mvua nyingi, hupokea maji ya unene ule kwa miaka miwili tu. Kwa hiyo hata kama barafu yote ingeyeyuka na kushuka bila kupotea tone, ingekuwa kama kikombe kando ya pipa.

Jibu basi ndilo hili: maji ya mifongo, ya chemchemi, na ya mito iendayo katika Pangani hata Bahari ya Hindi, karibu yote ni mvua na ukungu wa msituni. Msitu ndio ghala. Majani hupunguza nguvu ya mvua. Udongo mlaini wenye mizizi na majani yaliyooza huinywa kama sifongo, kisha huitoa polepole, hata wakati wa kiangazi maji yakawapo. Tena miti ya juu, iliyovikwa kuvu na ndevu za miti, huchuja ukungu: ukungu upitao hugonga majani, ukawa matone, yakadondoka chini hata siku isiyo na mvua. Mti ukiondolewa, ukungu hupita bure.

Na msitu huo una hazina nyingine. Mwaka 2016 ilitangazwa ya kuwa katika bonde moja la Kilimanjaro umesimama mti wa jamaa ya mikangazi wenye kimo cha meta 81.5, mrefu kuliko mti wo wote wa asili ya Afrika uliopata kupimwa barani.

HATARI I WAPI?

Ikiwa ndivyo, hatari yetu haiko kileleni tunakotazama. Iko katikati ya mlima tusikotazama. Hatari ni moto na shoka. Tangu mwaka 1976 moto umekula sehemu kubwa ya msitu wa juu. Mwezi wa Oktoba 2020 moto uliwaka mlimani siku nyingi, na watu kwa mamia walipanda kuuzima. Mara nyingi moto huanza kwa neno dogo: mwenye kurina asali na mwenge wake, mpishi aliyeacha makaa, mtu achomaye majani apate malisho mapya. Hewa ikiwa kavu, cheche moja yatosha.

Serikali imeulinda mlima kwa sheria. Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro ilianzishwa mwaka 1973, na mwaka 2005 msitu nao ukaingizwa ndani yake. Lakini sheria ina macho mawili, na kijiji kina macho elfu. Barafu ya Kibo haiwezi kuokolewa na kijiji kimoja, wala na nchi moja; hiyo yategemea matendo ya mataifa yote, hasa yale yenye viwanda vingi. Msitu sivyo. Msitu waweza kuokolewa na watu wakaao kando yake, tena waweza kupotezwa na hao hao. Mtu aliaye kwa ajili ya theluji, huku akikata mti ulio juu ya chemchemi yake, ni kama mwenye nyumba atazamaye nyota, na ng'ombe wake wanatoka zizini.

Hatusemi ya kuwa kutoweka kwa barafu si hasara. Ni hasara kubwa. Barafu ile ni kitabu cha miaka elfu nyingi; kila tabaka lake laeleza habari za mvua na ukame wa kale, nacho kinachakaa kabla hakijasomwa chote. Tena ni uzuri ambao wazee wetu waliuona kuliko sisi, na wajukuu wetu pengine hawatauona kabisa. Lakini kwa kuwa jambo moja latuponyoka, tusiliachilie na lile tulilo nalo mkononi.

KAZI KWA WAALIMU

Tungependa kila mwalimu afanye mambo mawili katika mwaka huu. La kwanza: na awaulize wazee wa mahali pake, wangali hai, barafu ilishuka mpaka wapi walipokuwa watoto, na ni chemchemi zipi zilizokuwa na maji siku hizo na sasa zimekauka, na juu ya chemchemi hizo palikuwa na miti gani. Ayaandike majibu katika daftari, pamoja na jina la mahali na mwaka. Rebmann aliwauliza wenyeji, ndiyo maana hakukosea.

La pili: na apime mvua. Atwae kopo lenye ubavu ulionyoka, upana wa juu na wa chini ukiwa sawa, alisimamishe imara mahali pa wazi mbali na miti na paa. Kila asubuhi saa moja apime kwa rula kimo cha maji yaliyo ndani, aandike milimita zake, kisha ayamwage. Watoto waweza kufanya kazi hii kwa zamu. Baada ya mwaka mmoja atajua neno la hakika juu ya mvua ya kijiji chake, na baada ya miaka kumi daftari lake litakuwa na thamani kuliko maneno mengi.

MASWALI YA KUKUMBUKA

Haya yaweza kusomwa mbele ya darasa, au nyumbani kwa wale wasiojua kusoma:

1. Sakitu, mvua ya mawe na theluji zatofautianaje?

2. Rebmann aliona nini tarehe 11 Mei 1848, na kiongozi wake alikiitaje?

3. Cooley alikataa kwa sababu gani? Ilimpasa kufanya nini kabla ya kukataa?

4. Onyesha kwa pampu ya baiskeli kwa nini hewa ya mlimani ni baridi.

5. Kijiji chako kina kimo gani juu ya bahari? Ikiwa Mombasa ina digrii 27, fanya hesabu ya joto la kwenu, kisha ulinganishe na kipimo cha kweli.

6. Barafu ya Kibo ilikuwa kilomita za mraba ngapi mwaka 1912, na ngapi mwaka 2011?

7. Taja mapima matatu yaonyeshayo ya kuwa mito haitegemei theluji.

8. Chemchemi iliyo karibu na nyumba yako ina miti gani juu yake, na ni nani aitunzaye?

Swali hili la mwisho halina jibu katika gazeti. Kila mtu na aende akatazame.